Skafu ya Jogoo

Kilmorren, 3 Februari 1908

Mama,

Mimi mzima, paka mzima, dohani ndiyo imeziba tena na moshi wote naula mimi. Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa nikwambie la maana kabla sijapasuka.

Nimeipata picha ya daraja.

Si unakumbuka watu walisema walimwona Mzee Pettigrew ukingoni na kisanduku chake cha miguu mitatu, mafuriko yanapanda, wakasema huyu mpiga picha kawa mwehu? Basi alipiga kweli. King'ora kilikuwa kimeshalia, wanaume wanatoka kiwandani wanavuka kuja upande wetu, na Daraja la Mbao bado limesimama. Anasema alikuwa anafunga vyombo vyake akasikia mlio kama ng'ombe anachinjwa. Kugeuka, hakuna daraja, hakuna mtu.

Sasa tulia usome polepole. Watu wote pale juu wamesimama kutazama maji, wametupa mgongo. Kola juu, kofia mpaka masikioni, sura huoni hata moja. Lakini shingoni, mama! Wote wana skafu nyeusi. Nyeusi tii. Na kaka Lachlan alivaa nini siku zote? Mji mzima tunatia vitambaa rangi nyekundu wavae watu wa Bombay na Unguja, wenyewe tunavaa rangi ya tope. Nani mwingine aliyekatiza mitaa na skafu nyekundu mpaka watoto wakamwita Jogoo? Rangi uliyoitia wewe kwa mikono yako. Nyekundu ile ingewaka pale kama kaa la moto, ingetoka nyeupe kabisa kwenye picha. Nimetafuta mpaka macho yanatoa machozi. Haipo.

Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa na haki, Mchungaji anayemhesabu na waliokufa hana. Lachlan aliposema asubuhi ile anapanda treni ya Glasgow, na Glasgow meli ya Kanada, alipanda. Hakwenda kazini. Hakuwa darajani.

Nakutumia nakala. Iko hii moja tu, ya majaribio, maana mwenye kiwanda ameshakataza isiuzwe. Itunze.

Mzee Pettigrew amenichukua kazini, nimesahau hata kukwambia. Mwenye kiwanda ameagiza kitabu kikubwa cha picha, madaraja na majengo na viwanda vyote vya Kilmorren tangu zamani, apelekewe wateja wake wa Bombay. Mimi napanga vioo, vile ambavyo picha hunasa juu yake, na kuvifuta vumbi. Nimeliona daraja la mawe kabla halijapanuliwa, kinu cha babu yake Mama Dougal kabla hakijaungua, kivuko cha mnyororo na yule mzee mlevi wake. Uwanja wa kuanikia vitambaa umenichekesha. Vitambaa vyote vimetoka vyeusi, kamba baada ya kamba, utadhani mji mzima umefiwa. Sijui ni kioo kibovu au ni mvua.

Nasoma na vitabu vyake vya kutia picha rangi. Hajui kama navisoma. Au anajua.

Mwanao,
Marsali


Glasgow, 8 Februari

Marsali,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Mwandiko wako ni wa kuku aliyekanyaga wino, lakini habari imefika.

Nimemwonyesha binamu yangu Euphemia picha. Nikamwambia nitafutie nyekundu hapo. Akageuza huku, akageuza kule, akavaa miwani ya marehemu mumewe, akasema hakuna. Nikamwambia nami najua hakuna, nilitaka tu kukusikia ukisema.

Leo nimerudi ofisi ya meli. Yule karani mwenye chunusi amechoka kuniona, safari hii akafungua orodha ili niondoke. Yumo L. Napier, kapanda meli ya Halifax, Kanada, wiki ile ile ya mafuriko. Akaniambia, mama, L ni herufi ya watu wengi. Nikamwambia, kwangu mimi ni ya mtu mmoja.

Basi naenda. Kuna familia inahama na watoto wadogo, mama yao mgonjwa wa bahari hata kabla ya kuiona bahari. Wanataka mtu mzima wa kuwashikia watoto njiani, nauli juu yao. Tunapanda tarehe saba mwezi wa tatu. Wewe kaa nyumbani, lisha paka, na usimpe mtu chumba cha kaka yako hata kwa usiku mmoja.

Na umwambie Mchungaji hivi: akisoma majina ya waliokufa, asithubutu kutaja la mwanangu. Huwezi kumwombea kama marehemu mtu anayekula samaki Halifax.

Maneno yetu ya mwisho mimi na yeye yalikuwa juu ya sukari. Unajua, ulikuwepo. Kijana mtu mzima anatia sukari kwenye uji kama Mwingereza, na kwetu uji ni chumvi, nayo iko mbele yake. Nikamwambia aliyosikia. Akasema anakwenda mahali mtu anapokula uji wake kwa amani. Nikasema nenda. Sasa nitavuka bahari nzima kumwambia atie anachotaka.

Mama yako


Kilmorren, 17 Februari

Mama,

Jana ndiyo ilikuwa ibada. Nilimwambia Mchungaji, akakunja uso, lakini hakulitaja jina. Alisoma yote, akafika kwenye N, akaruka. Kanisa zima lilikusikia kule kuruka.

Nje Mama Dougal alinisubiri. Mwanawe Dougal walimtoa majini siku ya pili, si unajua, alikuwa amenasa kwenye nguzo. Hakuniamkia. Alisema mbele ya watu wote, taratibu, kama anaulizia bei ya viazi: "Wenzenu tumezika. Ninyi mnafuga jogoo Kanada." Nikamjibu vibaya, mama. Nilimwambia asituonee wivu. Sijui mdomo wangu nani aliufungua. Alifunga shali yake akaenda.

Leo mwenye kiwanda alikuja studio na fimbo yake. Amefungua vioo vya madaraja kimoja kimoja, akafika kwenye kile cha Daraja la Mbao, akasema ni picha nzuri sana, maji yamejaa, kiwanda kinaonekana chote na dohani zake, inafaa kitabuni. Tatizo hao watu. Wateja hawataki kununua kitambaa kutoka kwa maiti. Mzee Pettigrew akamwambia hao watu wanafutika, ni kazi ndogo.

Kazi ndogo amenipa mimi. Ameniwekea kioo mbele ya dirisha, lenzi ya kukuzia, kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano na wino mzito. Unamfunika mtu mmoja kidogo kidogo, kofia, mabega, miguu, mpaka ageuke maji. Anasema nina mkono mwepesi.

Nimefunika wawili. Halafu nimesimama.

Mama, usipande meli kwanza. Nakuomba. Sababu nitakuandikia, leo siwezi, kichwa kinaniuma na taa inaisha mafuta. Usipande tu mpaka upate barua yangu.

Marsali


Glasgow, 21 Februari

Marsali,

Usipande, usipande. Sababu iko wapi? Nimegeuza karatasi nikaangalia na nyuma.

Kama ni Mama Dougal, usimwogope. Tumeanza kazi siku moja mimi na yeye, kwenye pipa moja la rangi, kucha zetu ziliiva pamoja. Ana uchungu, na mwenye uchungu hung'ata aliye karibu. Mpelekee unga wa shayiri, usiseme kitu, weka mlangoni uondoke.

Kama ni upweke, una paka. Kama ni mchumba, mwambie asubiri, na kama hawezi kusubiri hafai. Kama ni yule mzee wa vioo anakunyonya nguvu kwa mshahara wa njiwa, acha.

Nimemfumia Lachlan glavu. Euphemia anasema Halifax theluji inafika dirishani. Nimefuma kwa sufu ya kijivu maana nyekundu anayo tayari shingoni, asije akaonekana bendera.

Picha nimeishonea mfuko ndani ya koti. Naitoa kila siku. Inanipa nguvu kuona hayumo. Mungu anisamehe, kuna watoto wa watu mle, na mimi nafurahi.

Mama yako


Kilmorren, 26 Februari

Mama,

Nimeichana barua hii sijui mara ngapi. Sasa naandika bila kusimama, ukikuta nimekosea usinicheke.

Itoe picha kwenye mfuko. Tazama upande wa kushoto wa daraja, mtu wa karibu na ukingo. Mguu mmoja kaupandisha kwenye boriti ya chini. Mkono wa kushoto kaupitisha nyuma ya mgongo, kashika kiwiko cha kulia. Umemwona? Wewe unaweza usione vizuri, mimi nimemwona kwa lenzi, mkubwa kama kidole changu. Anakishika kile kiwiko kama mtu aliyebeba mtoto wake mwenyewe. Nani anasimama hivyo, mama? Tangu magadi ya kiwandani yalipomuunguza mkono, nani alisimama hivyo mlangoni, kituoni, kanisani mpaka ukamwambia hapa si sokoni?

Nikajiambia siye. Skafu nyeusi. Nikachukua kalamu nimfunike. Mkono ukakataa.

Ndipo nikakumbuka uwanja wa kuanikia. Vile vitambaa vyeusi, kamba baada ya kamba. Mama, mimi nimezaliwa pale. Hakujawahi kuanikwa kitambaa cheusi kwenye uwanja ule tangu dunia iumbwe.

Nikamuuliza Mzee Pettigrew mbona vimetoka hivyo. Hakuinua hata kichwa. "Vioo hivi havioni nyekundu, binti," akasema. "Buluu kwao ni nyeupe. Nyekundu kwao ni giza."

Sikumwamini. Nilikwenda nyumbani nikavuta chini ya kitanda chako kile kipande kilichobaki ulipokata skafu yake. Nikakifunga shingoni, nikamwomba anipige. Amenipiga. Nimetoka na shingo nyeusi kama nimekatwa kichwa.

Sisi, mama. Sisi tunaoijua nyekundu kuliko watu wote duniani. Tunaipika, tunainusa usingizini, kucha zetu hazitakati mpaka kaburini. Kwa sababu kwetu ndiyo inayowaka kuliko rangi zote, tukadhani hata kioo kitaiona inawaka. Na nilikuandikia nikishangilia.

Sikumfunika. Nilimwambia Mzee Pettigrew mkono umekufa ganzi, akakaa mwenyewe akamalizia. Alipomfikia yule wa kushoto nilitoka nje. Niliporudi lilikuwa daraja tupu na maji. Kwa hiyo kwenye kioo hayupo tena. Yupo hapo kwako tu, kwenye mfuko wa koti. Miaka yote tumeishi mtaa mmoja na mpiga picha hatukuwahi kumpiga hata moja. Hiyo ndiyo picha yake, mama. Anatupa mgongo, lakini ni yake.

Rudi nyumbani. Nitakupokea kituoni.

Marsali


Glasgow, 2 Machi

Marsali,

Nimepata. Nimekaa nayo siku nzima, Euphemia ananiuliza nani kafa, nikamwambia hajafa mtu.

Sasa nisikilize. Unasema nyekundu inatoka nyeusi. Sawa. Na nyeusi inatoka nini? Haya, mjuzi wa vitabu vya watu, nijibu. Inatoka nyeusi. Basi hapo kuna kundi la wanaume wenye skafu nyeusi, kama wanaume wote wa Kilmorren, na wewe umechagua mmoja ukasema wake ilikuwa nyekundu. Kwa nini yeye? Kashika kiwiko. Baba yako alishika kiwiko. Nusu ya watu wa chumba cha magadi wameungua mikono, wote wanasimama kama wamebeba watoto.

Umesema mwenyewe kioo ni kipofu. Kipofu haitwi shahidi. Mimi nilikuwa nakiamini kioo chako nilipodhani kina macho, sasa umenifundisha hakina, asante. Siamini kilichosema mwanzo wala kinachosema sasa. Nimebaki na karani na L yake.

Sikukasirikii. Umekaa na maiti za watu kwenye lenzi mchana kutwa, wameanza kukuzoea. Waache.

Picha naenda nayo. Nikifika nitawaonyesha watu niwaambie: hili ndilo daraja lililoanguka kwetu, na hawa ndio waliokufa, na mwanangu hayumo, kwa hiyo lazima yupo kwenu, nionyesheni.

Barua zako tuma Posta ya Halifax. Dohani usipande mwenyewe, mwite mfagiaji. Na usilale na nguo mbichi.

Mama yako


Kilmorren, 24 Aprili

Mama,

Sijui kama barua zangu za mwezi wa tatu zilikufikia. Hii ikifika, tafuta kiti kwanza.

Wamekausha mfereji wa kiwanda. Malango ya chini yaligoma kufunga tangu mafuriko, mwenye kiwanda akaamuru maji yote yaachiwe wayatengeneze. Jumatatu waliingia na majembe kutoa tope. Walikuja kuniita studio. Walisimama mlangoni wamevua kofia, Mzee Pettigrew akanivulia aproni ya kazi kwa mikono yake.

Sitakuandikia nilichokiona. Kimekaa kwangu, kibaki kwangu. Nitakuandikia shingo tu.

Ilikuwa nyekundu, mama. Majira yote ya baridi chini ya tope na mbao na barafu. Koti lilikuwa halina rangi, buti hazina rangi, yeye mwenyewe hana. Skafu ilikuwa nyekundu kama siku uliyoitoa kwenye pipa ukaiinua juu tuione. Mtu mmoja wa majembe alikaa chini akalia, na hakuwa hata rafiki yake.

Nilitaka kumwosha. Mama Dougal alikuja na shuka lake la harusi mkononi, sikumwita. Akanisukuma nje kama mtoto mchafu. "Wewe kaa hapo. Huyu namwosha mimi," akasema, kisha nikamsikia kule ndani anamwambia Lachlan, polepole: "Jogoo wewe, umetuchelewesha." Alimwosha mpaka jioni. Baadaye alinipikia uji. Aliweka chumvi, nikala.

Tumemzika jana karibu na Dougal. Mchungaji ametaja jina lote, Lachlan Iain Napier, kwa sauti, kama mtu anayelipa deni. Nilisimama upande wa familia. Nilikuwa mimi peke yangu.

Skafu nimeikata katikati. Nusu anayo. Nusu nimekuwekea humu, imefuliwa. Maji hayakubadilika rangi hata kidogo nilipoifua. Nilitamani yabadilike.

Kitabu cha mwenye kiwanda kimekwisha. Daraja la Mbao liko baada ya kinu, kabla ya ghala, ukurasa mzima peke yake. Nimeamriwa niandike chini yake kwa wino mweupe: "Daraja la wafanyakazi wakati wa mvua." Nimeandika. Mwandiko wangu sasa ni mzuri, ungeusifu.

Mama, huna tena wa kumtafuta. Nina chumba, nina kazi, nina paka. Rudi kwangu mimi.

Marsali


Halifax, 22 Aprili

Marsali,

Barua zako sijaziona hata moja, labda zimezama na meli nyingine, labda hukuandika kwa hasira. Mimi naandika hivyo hivyo.

L. Napier nimempata. Anaitwa Leonard, ana meno ya bandia, anauza kamba za meli. Mtu mwema. Alinipa chai akaniomba radhi kwa kutokuwa mwanangu. Nilicheka, kisha sikucheka.

Lakini sikia hili. Juzi gatini nilimwonyesha picha mchukuzi mmoja mtu wa kisiwa cha Skye kule kwetu. Nikamwambia mwanangu hayumo humu, yeye ana skafu nyekundu. Akasimama. Akasema mwezi wa kwanza alimwona kijana wa kwetu anapanda treni ya magharibi, shingoni nyekundu mpaka watu wanageuka. Amemwona kwa macho yake, Marsali. Si kwa kioo.

Kesho naondoka. Kuna kambi za watu wanaojenga reli, kila kambi inataka mpishi, nami nitapika kambi hadi kambi mpaka nimfikie. Anwani sina. Usitume kitu Halifax, hapa mtu akihama barua yake inakaa kwenye pipa mpaka panya waisome. Nikipata mahali pa kukaa nitakuandikia.

Nimenunua sukari. Ninayo kwenye mkoba, imefungwa isilowe. Nikimkuta nampikia uji mbele ya wenzake wote, natia mwenyewe, tena nyingi.

Na usihofu kwamba nitampita njiani. Hata awe amezeeka, hata afuge ndevu, hata anipe mgongo. Rangi ile nilitia mimi. Haichuji.

Mama yako